Shamba la zabibu Mpunguzi, Dodoma: maoni ya mtembeza wageni asiyekunywa

Mimi sinywi pombe. Nalisema mapema ili asije mtu akanidai habari za ladha ya mvinyo; kwa ladha nilikuwa na shahidi, na nitamfikia. Kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye mashamba ya viungo huku Unguja, Kizimbani na Kidichi, tangu enzi ambazo sikuwa na mvi hata moja. Nilikwenda Dodoma kumtazama shemegi yangu, ambaye wizara yake ilihamia Mtumba, kwenye mji wa serikali, naye akahama nayo, na nikasema maadamu nimefika niangalie wenzetu wa bara wanamuuziaje mgeni zabibu zao. Sisi tunauza mdalasini na kungumanga kwa watu ambao vitu hivyo vimejaa kwenye maduka ya kwao, tena pengine kwa bei nafuu kuliko yetu. Wananunua hata hivyo, na wanashukuru. Hapo pana ufundi, na nilitaka kuona kama Dodoma wanao.

Yuko mama mmoja Mpunguzi anao. Mjini sikumkuta mwenye nao.

Nianze na mjini niyamalize. Usafiri hauna tena kisingizio: treni ya SGR inafika Dodoma tangu 2024, nimelipa shilingi 31,000 daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam, na ni safari ya saa nne hivi. Mgeni aliyepanda boti ya asubuhi Malindi anaweza kulala Dodoma usiku huohuo. Zamani ukimtajia mtalii Dodoma aliuliza basi linachukua muda gani, ukimjibu mazungumzo yamekwisha.

Msimu ulikuwa mwisho wa Agosti, zabibu zimeiva. Vijana wanaziuza kwenye visahani vya plastiki stendi na barabarani, wanakukimbilia dirishani kama papasi, wale vijana wanaowaganda watalii Forodhani, na zabibu zenyewe ni tamu kweli. Ila kijana anakwambia bei tu. Nilimuuliza mmoja hizi zimetoka wapi, akanijibu, "Hapahapa, mzee." Hapahapa wapi? Akacheka, akamkimbilia mteja mwingine. Sikumlaumu, basi halingoji.

Nikapelekwa duka moja la mvinyo mjini, ambalo jina nitaliacha. Zuri kwa macho, rafu za mbao, kiyoyozi kinapuliza, chupa zimepangwa kwa urefu. Binti wa dukani alikuwa na adabu njema, lakini kila chupa alikuwa na maneno mawili juu yake: hii tamu, hii haina sukari. Nilichukua chupa moja nikaisoma lebo kwa miwani. Kiingereza kitupu, picha ya jumba la mawe ambalo Dodoma halipo, na neno Dodoma lenyewe limebanwa chini kwa herufi za kutafuta. Nikamuuliza binti, shamba lake naweza kuliona? Hajui. Mkulima ni nani? Hajui. Zabibu hizi za aina gani? Nyekundu. Tukatoka mikono mitupu, mimi na shahidi wangu, ambaye alikuwa amekuja na pesa za kununua.

Shahidi mwenyewe ni dada mmoja jirani wa shemegi yangu, mtu wa Bukoba, amekulia kwenye nyumba inayotengeneza rubisi, pombe ya ndizi, na mvinyo anaujua. Ndiye aliyesema, "Kaka, twende kwa yule mama wa Mpunguzi, hapa tunapoteza mchana."

Mpunguzi iko barabara ya Iringa, ukishapita Bihawana. Hakuna kibao. Shamba halina jina, ndiyo maana na mimi sikulipa jina hapa. Dada alimpigia mama simu mara mbili njiani, mara ya pili mama akamtuma mtoto wa skuli asimame barabarani atupungie. Kwa mtu mwenye biashara hii hilo ni kosa la kwanza, na ni kubwa, maana mgeni asiye na dada wa Bukoba atapita moja kwa moja mpaka Iringa.

Tukafika. "Mbukwenyi!" mama anatupokea, na mikono yake imeshika mkasi wa kukatia vichala. Hakutukalisha. Alitupa kila mmoja kikapu akasema twendeni kwanza, kukaa baadaye. Hapo nikajua nimempata mwenzangu. Na mimi sikalishi wageni. Mgeni aliyekalishwa anatoa simu.

Katika mashamba yetu kuna desturi moja: hatumwambii mgeni jina la kitu kabla hajakinusa. Unafikicha jani, unampa, unamwacha akisie. Akisema ndimu, kumbe mchaichai, anacheka, na hilo jani halisahau. Unafungua mzingefuri unampaka rangi mdomoni. Mkwezi anapanda mnazi huku anaimba, anashuka na dafu. Meza ya vifurushi iko mwisho wa njia, na mtu akifika pale kila kifurushi ameshakishika kikiwa mtini. Duka la mjini Dodoma lina meza bila njia.

Yule mama hakuna aliyemfundisha haya, lakini anayafanya. Alitusimamisha kwenye mstari wa kwanza, akakata zabibu nyeusi ndogo, akasema tafuneni na maganda, msiteme. Zina utamu mkali na ugumu fulani unaobaki kwenye fizi. Kisha akatoa nyeupe. Akauliza ipi ya mezani, ipi ya kiwandani? Sote tulikosea. Ile nyeusi ndogo ndiyo Makutupora, ya mvinyo, na imepewa jina la mahali kilipo kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, nje kidogo ya mji. Nyeupe ni Chenin Blanc, nayo ya mvinyo. Za mezani alikuwa nazo pembeni, kubwa, zinameremeta, na ukizila baada ya zile mbili unaziona zimepwaya. Akabinya punje ya Makutupora: maji yake si mekundu. Rangi yote iko kwenye ganda, ndiyo maana mvinyo mwekundu huchachuliwa pamoja na maganda yake. Mimi mtu wa miti na maganda, sikuwa nikilijua hilo.

Halafu akatoa kipima sukari mfukoni, kile kidude cha kuchungulia kama darubini ndogo. Unadondosha tone la maji ya zabibu kwenye kioo, unaelekeza kwenye mwanga, unasoma namba. Yangu ilisoma 21. Ya dada 19, akaambiwa amechuma kwenye kivuli. Watu wazima tukaanza kushindana, tunazunguka mistari kutafuta kichala kitamu zaidi. Ningekuwa na wageni kumi pale, wote wangekuwa wanapigana picha na kile kidude. Viwanda vinaitumia namba hiyo kupokea au kukataa mzigo, kwa hiyo mchezo wetu kwake ni riziki, naye alituambia hivyo bila kutuharibia mchezo.

Kilichonivutia kuliko vyote ni ng'ambo ya njia. Shamba la jirani lilikuwa halina jani, matawi yamekatwa mafupi, utadhani limekufa. La mama limejaa vichala. Mwezi mmoja, udongo mmoja. Akatueleza: Ulaya baridi ndiyo inaulaza mzabibu, ukiamka unazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya namna hiyo, kwa hiyo mkulima ndiye anayeulaza na kuuamsha kwa kuupogoa. Ukipogoa leo unahesabu kama miezi minne unavuna. Ndiyo maana wao wanavuna mara mbili, Februari na Machi, tena Agosti na Septemba, ingawa mvua yenyewe ni ya Desemba mpaka Aprili, chini ya milimita 600 kwa mwaka. Mavuno ya mvua yana shida zake, hasa ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Mavuno ya kiangazi ndiyo yenye sukari.

Sasa mtu aniambie: kuna Mfaransa atakayesikia habari ya mzabibu unaovunwa mara mbili kwa mwaka, kwenye nchi ya mibuyu, asitake kwenda kuona? Jambo hilo moja lingejaza lebo nzima. Badala yake wanachora majumba ya mawe.

Historia akaitoa kidogo kidogo, tukiwa tunachuma. Mbegu ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki, pale Bihawana tulipopita, kwa ajili ya mvinyo wa misa. Serikali ikaja na kiwanda chake, DOWICO, kikafa, na babamkwe wake akang'oa nusu ya shamba akapanda mtama. Nusu iliyobaki ndiyo tuliyokuwa tumesimama ndani yake, mashina mazito, yamepinda. Niliyashika mashina yale. Mti wenye umri unajiuza wenyewe, mradi awepo wa kukwambia umri wake.

Akatuonyesha pia tangi la plastiki lenye mchuzi wa zabibu. Mwaka ambao viwanda havinunui za kutosha, mkulima anakamua anahifadhi mchuzi, anangoja. Wengine wanangoja sana. Mama hakutaka kulalamika mbele ya wageni, alisema tu, "Huu unamsubiri mwenyewe," akafunika. Nilipenda alivyolionyesha tangi hata hivyo. Sisi huku wageni wanapouliza bei ya karafuu anayopata mkulima tunababaika.

Turudi kwenye kula. Chini ya mbuyu alikuwa ametandika mkeka, na hapo ndipo alipotupiga wote. Ugali wa uwele, mlenda uliotiwa karanga, kuku wa kienyeji aliyechemshwa na chumvi na ndimu tu. Mlenda ule unavutika, unahitaji kuukata kwa kidole cha shahada kabla haujafika kidevuni, na Mzungu atahitaji kufundishwa. Afundishwe, hilo nalo ni sehemu ya ziara. Kosa la hoteli zetu, za pwani na za bara, ni kudhani mgeni amesafiri ili ale chipsi. Kuku yule wa mama ningemtia manjano na pilipili manga, lakini hilo ni la kwetu, sikulisema.

Vinywaji vikaja pamoja na chakula, na hapa nampa alama ya juu kabisa, kwa sababu mimi sikuachwa. Ziara ya mvinyo isiyo na kitu cha asiyekunywa imewafukuza watu wengi kabla ya kuanza: Waislamu, walokole, madereva, wajawazito, watoto. Dodoma kwenyewe kuna Msikiti wa Gaddafi unaojaa Ijumaa, hao nao wana jamaa wanaowatembelea. Mama alinipa maji ya zabibu yaliyokamuliwa asubuhi ileile, ya baridi, mazito, na sahani ya zabibu kavu alizoanika mwenyewe kwenye wavu. Kavu zile ni nyeusi, zina mbegu, unatafuna kwa sauti. Nimezoea zile laini za dukani tunazotia kwenye pilau na biriani. Hizi zina ladha mara mbili yake. Nilinunua zote alizokuwa nazo.

Shahidi wangu alimiminiwa aina tatu, mama anazipata kwa mtengenezaji mdogo anayemuuzia zabibu. Hukumu yake naiandika alivyoitoa. Nyeupe ya Chenin: "Inanukia pera, hii ningekunywa na sato." Nyekundu isiyo na sukari: inashika ulimi, inataka nyama ya mafuta, na ipozwe kidogo kwa sababu joto la Dodoma linaifanya ipande kichwani. Ile tamu, ya mtindo wa Dompo wanayoijua watu wa mitaani: "Ya kumpelekea mamamkwe." Akasema mbili za kwanza angeziweka mezani mbele ya mgeni yeyote bila kuomba radhi. Naamini ulimi wake, maana rubisi mbaya anaijua kwa harufu.

Bei: shilingi 15,000 kwa mtu kutembea na kuonja, 10,000 kwa chakula. Ni ndogo mno. Nilimwambia mama, naye akasema watu wa mjini watalalamika. Watu wa mjini walipe hiyo, wageni wa nje walipe zaidi, na aandike wazi. Bei isiyoandikwa ndiyo inayozaa papasi.

Upungufu mwingine. Hakuna meza ya kuuzia. Tulipotaka kununua aliingia chumbani, gizani, akatoka na chupa mbili kifuani na zabibu kavu kwenye mfuko wa rambo. Njia yote ameitengeneza vizuri, halafu mwisho wake hakuna kitu! Meza moja chini ya mbuyu, kitambaa, vifurushi vidogo vyenye karatasi iliyoandikwa Mpunguzi, kila mtu angeondoka na vitatu. Maji ya zabibu yako kwenye chupa za maji zilizotumika, mimi nilikunywa, mgeni wangu Mjerumani asingekunywa. Hana lipa namba; unamtumia kwenye simu yake au unatoa noti. Choo ni cha shimo, safi kabisa, maji yapo kwenye ndoo. Na tulifika saa sita mchana, jua la kuchoma, hilo la kwetu. Saa tisa na nusu alasiri ndiyo saa yake.

Jingine si la mama, ni la mji mzima. Nina wageni wa Afrika Kusini wanaokuja Kizimbani, na kila mara wananisimulia Stellenbosch. Kule, mwaka 1971, wenye mashamba watatu, Frans Malan, Spatz Sperling na Niel Joubert, walikaa wakaanzisha njia ya mvinyo, baada ya Malan kuona mfano wake Ufaransa. Majirani wakaweka vibao, mgeni akitoka kwa huyu anaelekezwa kwa yule. Leo ndio mvinyo unaowekwa kwenye meza za hoteli zetu za Nungwi na Arusha. Dodoma ina Mpunguzi na Bihawana upande huu, Hombolo upande ule, Makutupora njia ya Arusha, Chinangali huko Chamwino. Gari moja linazunguka yote kwa siku mbili, na ukiendelea na njia ya Arusha unafika Kondoa kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia 2006. Karatasi moja yenye ramani ingetosha kuanzia. Niliuliza hotelini, mapokezi wakanipa ramani ya ofisi za wizara.

Na Chamwino ndiko alikotoka Hukwe Zawose, aliyeupeleka muziki wa Kigogo duniani kwa zeze na ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba. Mkwezi wetu anaimba wimbo ambao wageni wameusikia kila hoteli. Hawa wana zeze! Kijana mmoja wa Kigogo chini ya ule mbuyu, jioni, na sisi wa Kizimbani tutafute kazi nyingine.

Mbuyu nao umenikumbusha. Njia nzima ya Dodoma ni mibuyu, na ubuyu unauzwa kwa debe. Sisi tunauchukua ubuyu, tunautia rangi, sukari, iliki na pilipili, unaitwa ubuyu wa Zanzibar, na mtu wa Dar es Salaam analipia jina hilo bila ubishi. Mama alipocheka nilipomwambia, nilimwona anahesabu.

Alama zangu: shamba na maelezo, tano juu ya tano. Chakula, tano. Kitu cha asiyekunywa, tano. Mauzo, mbili. Kufikika, moja, na hiyo moja nampa yule mtoto aliyetupungia.

Anayetaka kwenda, aende Septemba au Machi, avae viatu vya kufunika maana chini kuna miiba, abebe noti ndogo ndogo na kofia. Akifika Mpunguzi awaulize vijana wa bodaboda mama anayetembeza watu kwenye zabibu, wanamjua. Chupa azifunge vizuri kwenye nguo kabla ya treni. Kuku aagize siku moja kabla, la sivyo atakula ugali wa uwele na mlenda na maziwa ya mgando, na hiyo si adhabu.